Bomba la zamani la inchi 8 kupitisha maji ya mabwawa ya majitaka: linafaa, na tuanzie wapi?

Chemba_ya_Tano ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Naomba mawazo ya watu wa mabomba. Kuna bomba la chuma la inchi 8 lililokuwa likishusha maji ya kunywa kutoka mjini kwenda vijiji vya bondeni. Tangu bomba jipya la plastiki lianze kazi, hili la zamani limelala tu ardhini. Linapita mita 300 hivi kutoka bwawa la mwisho la majitaka, na kuanzia hapo hadi mashambani ni kilomita 4.2. Mita 600 za mwisho si chuma, ni asbesto (saruji yenye nyuzi za asbesto). Mteremko kutoka bwawani hadi mwisho wa bomba ni mita 22.

Wanaohitaji maji ni wakulima wa mboga, shule moja yenye kitalu cha miche na uwanja, na wafyatua matofali. Hesabu ya mwanzo ni lita 12 kwa sekunde kwa saa 10, yaani mita za ujazo 432 kwa siku.

Je, bomba la kutu namna hii litahimili presha? Tulisafishe kwa maji ya kasi (kuflashi) na kulifungulia maji, au tuvute plastiki ndani yake? Na maji yatibiwe hadi wapi kabla hayajaingia bombani? Wapo wanaosema ni kazi ya wiki moja: fungua valvu, flashi, maji yaende. Nataka kujua wanasahau nini.

---

Nati_na_Gasketi amejibu:

Mkuu, wanasahau nyumba. Kabla ya kuzungumzia kutu na presha, tafuta kila tundu lililowahi kutobolewa kwenye bomba hilo.

Bomba kuu likikaa miaka mingi linatobolewa na watu wengi. Maunganisho mengine yako kwenye rejista, mengine aliyafanya fundi wa mtaa kwa tandiko (kibano cha kutobolea bomba) na mpira wa baiskeli. Bomba jipya lilipokuja, nyumba nyingi zilipewa laini mpya lakini ile ya zamani haikukatwa. Imekutana na mpya mahali fulani ndani ya uzio, kwenye tii ya nusu inchi. Siku utakayojaza maji ya mabwawa, yatapanda kwa njia hiyo hadi kwenye tangi la jikoni, na kutoka hapo hadi bomba jipya.

Kosa hili limewapata hata waliojenga mtandao mpya kabisa. Leidsche Rijn, karibu na Utrecht nchini Uholanzi, nyumba zilikuwa na mabomba mawili: la maji ya kunywa, na la maji ya mto yaliyotibiwa nusu kwa ajili ya vyoo na kufulia. Mwaka 2001 kiungo cha muda baina ya mifumo hiyo miwili kilisahaulika baada ya matengenezo, watu wakaugua matumbo. Baadaye serikali ikasitisha mitandao mikubwa ya namna hiyo majumbani. Kama kiungo kimoja kilisahaulika kule wenye ramani kamili, fikiria bomba ambalo ramani yake iko kichwani mwa fundi aliyestaafu.

Kata kwanza upande wa mjini. Usifunge valvu ukaridhika, maana valvu ya zamani hupitisha maji hata gurudumu likikataa kuzunguka. Ondoa kipande cha mita moja, chomelea kifuniko cha chuma ncha zote mbili, na pengo liachwe wazi ndani ya chemba ambapo mkaguzi ataliona kwa macho.

Baada ya hapo tumia mgao wa maji kama kipimo. Chagua siku ambayo bomba jipya halina maji. Jaza bomba la zamani kwa maji SAFI, kupitia mita, kwa presha ya bar moja. Ujazo wake ni karibu mita za ujazo 140, kwa hiyo ni maboza 14 ya lita 10,000. Kisha pita nyumba kwa nyumba pande zote mbili za njia, fungua kila koki, subiri. Koki yoyote itakayotoa maji siku hiyo inakunywa kutoka bomba la zamani. Weka rangi ya uranini kwenye maji hayo, maana nyumba yenye tangi juu ya paa inaweza kutoa maji yake yenyewe ukadhani umepata kosa. Ya kijani ndiyo yako. Usiku funga kila kitu uangalie mita: ikiendelea kuzunguka bila kupunguza mwendo, kuna uvujaji au kuna mtu hujampata.

Rudia zoezi hilo kinyume siku ambayo bomba jipya lina maji: la zamani liwe tupu, valvu zake za kutolea tope ziwe wazi. Zikitiririsha maji, kiungo kipo.

Na hapa ndipo miongozo ya nje isinukuliwe kichwakichwa. Kwa wenzetu kanuni ni kwamba presha ya maji yaliyosafishwa upya iwe chini ya ile ya maji ya kunywa, ili kukitokea kosa maji safi ndiyo yasukume. Kanuni hiyo inataka maji ya kunywa yawepo saa 24. Penye mgao, siku tatu kwa wiki bomba la kunywa lina presha sifuri, na hapo hata maji ya mabwawa yenye kimo cha mita mbili tu yanatosha kuingia. Kwetu kinga ni kukata na kuziba. Tofauti ya presha isikutulize.

---

Mama_Maabara amejibu:

Nachukua swali la maji yenyewe.

Mabwawa yakifanya kazi vizuri huua vijidudu kwa jua na muda, na mayai ya minyoo huzama chini. Kipimo kinachojulikana zaidi kwa mboga zinazoliwa mbichi ni kile cha WHO (Shirika la Afya Duniani) cha mwaka 1989: koliformu za kinyesi, yaani bakteria wanaoonyesha uchafu wa kinyesi, zisizidi 1,000 kwa mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Kiwango cha yai kilibaki hata kwenye mwongozo wa 2006. Muda wa maji kukaa mabwawani ndio unaoondoa mayai, siku 8 hadi 10 kwa uchache. Kwa hiyo pima kina cha tope. Bwawa lililojaa tope hadi nusu lina nusu ya siku ulizoandika kwenye karatasi.

Klorini haiui yai la minyoo ya tumboni aina ya askaris (Ascaris). Nasema hivi kwa sababu ukizungumzia usalama, kila mtu anakimbilia ndoo ya klorini. Kama mabwawa hayatoshi, ongeza muda au weka kichujio cha mchanga. Klorini ni ya bakteria na virusi.

Ukiiweka, hesabu ni hii. Gramu 5 kwa kila mita ya ujazo, mara 432, ni kilo 2.16 za klorini kwa siku. Unga wa asilimia 65 utahitaji kilo 3.3. Maji ya mabwawa yana amonia, kwa hiyo sehemu kubwa ya klorini itageuka kloramini, ambazo huua polepole. Pima klorini jumla pamoja na ile huru, na upe muda wa kugusana wa saa moja au zaidi ndani ya tangi kabla ya bomba. Usitegemee bomba lenyewe liwe tangi la kugusana, kwa sababu kutu ya chuma inaila klorini. Utaingiza 5, mwisho wa kilomita 4 usikute kitu.

Kitakachosumbua mafundi zaidi ya bakteria ni mwani. Maji ya bwawa la mwisho ni ya kijani, na ule ujani ni chembe hai. Zikiingia bombani kwenye giza zinakufa, zinaoza, zinatengeneza utelezi kwenye ukuta wa bomba na kuziba matundu ya umwagiliaji wa matone. Weka kichujio cha diski cha mikroni 130 shambani, si bwawani peke yake, kwa sababu utelezi unaobanduka njiani unakuja baada ya kichujio cha juu. Kisafishwe kila siku hadi mjue mwendo wake.

Kwa wakulima, mambo mawili. Pima chumvi kwa mita ya EC, inayosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chini ya 0.7 dS/m (desisimensi kwa mita) hakuna shida; kati ya 0.7 na 3 chagua mazao, na maharage ndiyo huanza kulalamika mapema, kwenye 1 hivi. Pili, maji hayo yana mbolea ndani. Yakiwa na nitrojeni gramu 30 kwa mita ya ujazo, mita za ujazo 432 zinabeba kilo 13 kwa siku, sawa na kilo 28 za urea. Mkulima akiendelea kuweka mbolea yake kama zamani, nyanya zitaota majani na hazitazaa. Si jambo geni: kule Mabogini, Moshi, maji ya mabwawa yamekuwa yakienda kwenye mpunga. Muhimu mkulima aambiwe mapema, na amwagilie mboga kwa mfereji au matone badala ya kunyunyizia majani.

---

Bar_Kumi amejibu:

Sasa bomba lenyewe. Chimba mahali pasipopungua sita: mbili kwenye udongo wenye maji, mbili kwenye miinuko, moja chini ya barabara, na moja pale chuma kinapokutana na asbesto. Kata vipande vya sentimita 30, vigongwe kutu, vipimwe unene.

Watu huogopa unene bila sababu. Tuseme ukuta ulikuwa milimita 6.4 na sasa umebaki 3.5. Kwa chuma cha kawaida, ukikipa nusu tu ya nguvu zake, bado kinabeba zaidi ya bar 35. Wewe mteremko wako wote ni bar 2.2. Kinachoua bomba la zamani ni vishimo vya kutu vinavyopenya kama sindano, na viungio. Vishimo haviko kwenye wastani wa unene. Kwa hiyo jaribio la presha ndilo mwamuzi: funga vipande vya mita 500, pandisha hadi bar 3.5, acha saa mbili, kisha pima maji unayolazimika kuongeza ili presha irudi. Kipande kikikataa, gawanya katikati, jaribu tena.

Angalia pia ndani. Chuma kisicho na saruji ndani huota vinundu vya kutu, vigumu nje na vyeusi laini ndani. Ukikikwangua kimoja kwa kisu, chini yake utakuta kishimo kinachong'aa. Ukiviflashi havitoki. Ukivikwangua vyote, unafungua vishimo vilivyokuwa vimezibwa na kutu yenyewe, na bomba lililokuwa halivuji linaanza kuvuja sehemu ishirini. Hapa ndipo mpango wa "flashi tu" unapofia.

Linganisha njia mbili kwa lita 12 kwa sekunde. Bomba la kutu kama lilivyo, kwa mgawo wa ulaini wa 80 (namba ya Hazen-Williams; ikiwa ndogo, ukuta una msuguano zaidi), linakula karibu mita 8 za presha kwenye kilomita 4.2 (mita 10 za kimo cha maji ni kama bar moja). Ukivuta ndani yake HDPE (plastiki ngumu ya polithini) ya milimita 180, PN10 (ya kuhimili bar 10), kipenyo cha ndani kinashuka hadi 158 lakini ukuta ni laini, na inakula mita 10 na kidogo. Yaani umepata bomba jipya kwa gharama ya mita mbili tu za presha. Mwisho wa njia unabaki na mita 11 au 12, zinatosha matone ingawa si vinyunyizio. Ukibana matumizi ukachukua ya milimita 160, msuguano unapanda hadi mita 18 na mkulima wa mwisho anabaki na mita 4. Usiende huko.

Upenyo kati ya 180 na 206 ya ndani ni milimita 13 kila upande. Unatosha, mradi vinundu vikwanguliwe kwanza na ukingo wa nje wa kila kiungo kilichochomwa ukatwe. Kabla ya kuvuta urefu wote, vuta kipande cha majaribio cha mita 3 kipite mwisho hadi mwisho. Kikitoka na mikwaruzo ya kina zaidi ya milimita 1, kuna ncha ya chuma ndani. Rudi ukaitafute.

---

Chemba_ya_Tano:

Asanteni sana. Mama, ujumbe wa mbolea nitaufikisha. Bar_Kumi, nimekuelewa kuhusu plastiki. Njia ina kona sita za digrii 45, na ile asbesto inanitia wasiwasi. Tunaikataje, au tuifumue?

---

Bar_Kumi amejibu:

Asbesto usiifumue. Ikiwa ardhini na ina unyevu haimdhuru mtu. Hatari ni vumbi. Ilaze hapo hapo, vuta plastiki ndani yake. Pale unapolazimika kukata, usitumie grainda wala mashine yoyote kavu. Lowesha, tumia msumeno wa mkono au mnyororo wa kukatia, vaeni barakoa za P3 (za kuchuja vumbi laini) na ovaroli za kutupa, na vipande vifungwe kwenye nailoni nzito mara mbili na kuandikwa. Zile njia za kupasua bomba la zamani huku ukivuta jipya ziache, zitatawanya vipande vya asbesto kwenye udongo wa watu.

Kujua kama bado ina nguvu, chukua uso uliokatwa na kulowana, paka fenolftaleini. Sehemu inayogeuka waridi bado ina chokaa yake. Sehemu isiyobadilika imeshalika na kulainika. Pete isiyo na rangi ikiwa nene upande wa ndani, maji ya zamani ndiyo yaliyoila; ikiwa upande wa nje, ni udongo.

Kona: plastiki ya 180 haipiti kwenye digrii 45, kwa hiyo hizo sita ni mashimo sita. Kila shimo la kuingizia kwa kina cha mita 1.2 liwe na urefu wa mita 5 kwa uchache, ili bomba liiname bila kukunjika. Panga mivuto ya mita 200, itakuwa 21. Mabomba ya mita 12 yatakuwa 350, na kila kiungo ukihesabu na kupoa kwake katika mashine ni dakika 15 kabla ya kukigusa. Anayekifungua mapema ili awahi chakula anakuachia kiungo kitakachoachia ndani ya chuma, mahali usipoweza kufika.

Kinachosahaulika kila mara ni jua. HDPE nyeusi iliyolala juani inaweza kufika nyuzi 45, na ndani ya ardhi ni kama 25. Mvuto wa mita 200 utajikunja kwa sentimita 70 hadi 80 ukipoa. Ukikata na kuunga alasiri ile ile, asubuhi utakuta flanji imeng'oka au kiungo kimejivuta. Acha ziada ya mita moja kila upande, lala nayo usiku mmoja, ukate asubuhi kabla jua halijapanda. Bomba likiwa la moto nguvu zake za kuvutwa pia hupungua. Weka kipima nguvu kwenye winchi na usivuke tani 4.

Nafasi kati ya mabomba mawili ijazwe saruji nyepesi kwenye vivuko vya barabara. Ni mita ya ujazo 1.6 kwa kila mita 200. Plastiki iwe imejaa maji wakati wa kujaza, la sivyo presha ya saruji itaibana. Sehemu nyingine ziba ncha tu.

---

Nati_na_Gasketi amejibu:

Naongeza kuhusu alama, kwa sababu bomba hili litaishi kuliko sisi. Rangi ya zambarau ndiyo inayotambulika nchi nyingi kwa maji yaliyosafishwa upya. Chini ya ardhi una chuma chenye plastiki nyeusi ndani, kwa hiyo fundi wa miaka 15 ijayo atakichimbua chuma na kudhani ni maji ya kunywa. Kila shimo ulilochimba, tandaza utepe wa zambarau sentimita 30 juu ya bomba wakati wa kufukia. Vifuniko vya chemba viwe vya pembe tatu kama vya kunywa ni vya mraba. Koki za nje ziwe za kufunguliwa kwa ufunguo, zisizoingiliana na mpira wa kawaida wa bustani. Bango liwe na mchoro wa bilauri iliyopigwa msalaba na maneno HAYA SI MAJI YA KUNYWA, kwa urefu wa macho ya mtoto, hasa pale shuleni.

Valvu za hewa ziangaliwe pia. Bomba la zamani na jipya zikichangia chemba moja, na chemba ikajaa maji ya mvua, valvu ya hewa ya bomba la kunywa itayanyonya siku ya mgao. Tenganisha chemba.

Halafu kuna jirani. Mtu anayepata maji Jumanne na Ijumaa tu, akiona bomba lenye presha kila siku kando ya uzio wake, atatoboa. Usimlaumu, mzuie mapema: mita iwe mwanzo na kwenye kila tawi, jumla zilinganishwe kila wiki, na mtu apite njia nzima kwa miguu.

---

Chemba_ya_Tano:

La mwisho wakuu. Masika wakulima hawamwagilii, wiki sita hadi nane. Maji yakae bombani?

---

Mama_Maabara amejibu:

Yasikae. Ndani ya siku chache oksijeni inaisha, maji yanakuwa meusi na kunuka yai bovu, na ile gesi inakula flanji na boliti. Mwisho wa msimu sukuma kifutio cha povu (sponji inayosukumwa na maji ili kufuta ukuta wa bomba) kutoka juu; kwa lita 12 kwa sekunde ndani ya ile plastiki kitatembea sentimita 61 kwa sekunde, kwa hiyo kitafika chini baada ya karibu saa mbili. Mtu awe anakisubiri na wavu. Kisha fungua valvu za kutolea tope, bomba liwe tupu, valvu za hewa zikiwa wazi.

Maji yanayotoka hapo yasiende kijitoni bila ruhusa, kibali cha kumwaga kinatolewa na bodi ya maji ya bonde. Mita za ujazo zisizozidi 90 zinaweza kupokelewa na mtaro wa kuzama ulioandaliwa shambani, lakini masika udongo umeshiba, kwa hiyo fanya zoezi hilo kabla ya mvua kubwa. Msimu ukianza tena, mita za mwanzo zipelekwe kwa wafyatua matofali, na mboga zisubiri hadi maji ya mwisho wa bomba yarudi bila harufu na klorini ionekane.